Mzigo ukiharibika njiani, hasara ya nani?

Maswali mengi mlotuma mwezi huu ni ya mizigo ya nje, sjui ni dola imewachemsha ama ni nini, manake kila mtu anauliza kitu kile kile kwa njia yake: tulikubaliana na muuzaji herufi tatu kama CFR ama FOB kwenye proforma, ile ankara ya awali, sasa mambo yamekwenda mrama, nani alipe? Nimechagua yale yanayogusa watu wengi. Majina nimeyatoa, mkijijua mmejijua.

Asalaam aleikum kaka. Niliagiza Probox kutoka Japani, bei ikaandikwa C&F Mombasa, nikalipa yote na risiti ninayo. Gari imefika, kwenda kuitoa CFS, ile yadi ya kutolea mizigo, nakuta saidi mira ya kushoto hakuna, redio imeng'olewa na bampa imekwaruzwa. Nikimwandikia Mjapani ananambia yeye kashamaliza kazi yake Yokohama. Kashamaliza vipi na mimi nlimlipa aniletee mpaka Mombasa? Na ejenti naye kanipa orodha ya malipo mengine hata sielewi. – Msomaji, Changamwe

Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole. Utakasirika lakini Mjapani wako hajakudanganya.

Hiyo C&F jina lake rasmi siku hizi ni CFR, ni moja katika zile Incoterms, yaani kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ndo hiyo ICC ya Paris, walizitoa mara ya kwanza 1936 na wamekuwa wakizirekebisha kila baada ya muda mpaka hizi za sasa za 2020, jumla ziko 11. Kazi yake ni kusema nani atafute meli, nani alipe nini, nani ashughulike na forodha ya upande upi, na hasara inamtoka muuzaji na kumwingia mnunuzi wakati gani. Sasa watu wetu husoma hilo la malipo peke yake, wakiona Mombasa imeandikwa wanajua muuzaji ana jukumu mpaka Mombasa, basi wanalala.

Zile zote zinazoanza na herufi C, yaani CFR, CIF, CPT na CIP, ambazo zote muuzaji ndiye analipa nauli, pesa na hasara zimepanda gari moja lakini hazishuki stejini pamoja. Pesa ya nauli inakwenda mpaka Mombasa, muuzaji kalipa. Hasara imeshuka zamani, kule kule Yokohama, pale gari ilipopandishwa melini ikiwa nzima. Kuanzia hapo ikigongwa baharini, ikiibiwa vitu Kilindini, ikidondoshewa kitu CFS, ni yako. Tena CFR yenyewe haimlazimishi mtu kukata bima (sheria ya Kenya ni jambo jingine, nitaigusa hapo chini), yeye halazimiki na wewe ukanyamaza, kwa hivo kama hukukata mwenyewe gari ilikuja uchi.

Lakini usikate tamaa kwanza. Tafuta picha za ukaguzi wa Japani, manake magari ya mtumba ya huko hukaguliwa kabla ya kuja huku. Kama kwenye picha hiyo mira tayari haipo, basi haikupotea njiani, alipakia gari pungufu na hapo unamrudia muuzaji kwa nguvu zote. Kama ipo, uliza ile ripoti ya kushusha meli inasemaje, na ile karatasi CFS waliyoipokelea gari inasemaje. Mahali karatasi mbili zinapotofautiana ndipo mira ilipong'oka, na aliyekuwa nayo wakati huo ndiye wa kudaiwa. Kama ni shirika la meli ujue wana masharti yao, kitu kinachoonekana kwa macho ukiandike wakati wa kupokea, kisichoonekana uandike ndani ya siku 3, na kesi ikifika mwaka 1 bila kupelekwa kortini imekwisha hiyo. Na nakuomba, ukiletewa kile kitabu utie sahihi ya kupokea, usitie sahihi kavu kavu, andika pale pale kwa kalamu: mira ya kushoto haipo, redio haipo, bampa ina mkwaruzo. Jamaa wa getini atanuna. Mwache anune.

Orodha ya ejenti sasa. Nauli ya meli imelipwa, sawa, lakini ushuru wa KRA hauhusiani na CFR kabisa, huo ni wako kwenye kanuni zote 11 isipokuwa DDP peke yake, nitaieleza hapo chini. Na kwa gari la mtumba KRA hawaangalii sana ulilinunua ngapi, wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya halafu wanapunguza kulingana na umri, ndo mana watu hushtuka ushuru ukizidi walivyotarajia. Malipo ya bandari, ya CFS, ya kupewa delivari oda (ruhusa ya kuchukua mzigo) na shirika la meli, hayo pia ni yako, isipokuwa kama mkataba wa meli ulijumlisha gharama za kushusha. Ukichelewa stoeji, ile ada ya kulaza mzigo, inaanza kuhesabu na haina huruma, kwa hivo gombana na watu baadae, gari itoe kwanza.

Kaka habari. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Bondeni. Nilinunua kontena ya futi 20 ya taili kutoka China, CIF Mombasa, nikajua nimejilinda kwa sababu bima imo. Kufungua mlango katoni zikatumwagikia, robo imevunjika, na za pembeni juu zimelowa maji. Kampuni ya bima ya kule inasema hiyo haimo. Cheti cha bima ninacho mkononi, sasa kazi yake nini? – Mama Duka

Dada yangu, cheti chako ni cha kweli na bima pia ni ya kweli, ila ni bima ndogo mno.

Kwenye CIF muuzaji analazimika kukata bima ya kiwango cha chini tu, ile inayoitwa Klozi C. Hiyo inalipa mambo makubwa makubwa: moto, mlipuko, meli kuzama ama kukwama, kugongana, lori kupinduka, mzigo kutupwa baharini ili kuokoa meli. Wizi haumo. Mvua haimo. Katoni kuvunjika kwa kurushwarushwa na foklifti haimo. Iliyo pana ni Klozi A, ambayo inalipa kila kitu isipokuwa vile vilivyotajwa kuwa havilipwi, na ajabu ni kwamba kanuni za 2020 zilipandisha CIP ikawa Klozi A lakini CIF wakaiacha pale pale kwenye C, kwa sababu CIF inatumiwa sana na wale wa shehena za wingi, makaa, nafaka, madini, wao hiyo ndogo inawatosha. Wewe wa taili haikutoshi kabisa. Kilicho sawa kwa zote mbili ni kiasi, bima lazima iwe angalau asilimia 110 ya bei, mzigo wa dola 10,000 unakatiwa 11,000.

Sasa hiyo ya kumwagika mlangoni imenambia mengi. Taili zikifungwa vizuri zinawekwa kwenye paleti, zinafungwa mikanda, halafu nafasi iliyobaki inatiwa mbao za kuzuia ama ile mifuko ya hewa, kontena likiyumba baharini mzigo hausogei. Kama umefungua na katoni zimekuja zenyewe, basi hakukuwa na mbao wala mfuko wala nini, walijaza tu wakafunga milango. Hiyo hata ungekuwa na Klozi A ungekuta kampuni ya bima inakataa, manake bima hazilipi ufungaji mbovu. Lakini ufungaji ni jukumu la muuzaji kwenye Incoterms zote, kwa hivo hapa mwenye kubanwa ni yeye, wala asikuletee habari za kwamba hasara ilishahama bandarini kwake. Hasara inayohama ni ya ajali za njiani, haihamishi makosa aliyoyafanya kabla ya kupakia. Tuma picha, na nataka kuamini ulizipiga kabla ya watoto wa duka kuanza kubeba.

Za kulowa ni hadithi nyingine. Ingia ndani ya kontena tupu mchana, waambie wafunge milango, ukiona mwanga unapenya kama nyota kwenye bati basi maji yaliingilia hapo, na hilo ni la shirika la meli lililotoa kontena bovu, ama la aliyelikubali bila kuliangalia. Kama kontena lisharudishwa basi hapo umepoteza ushahidi mkubwa, mara nyingine mwite savea wa bima, yule mkaguzi wa hasara, kabla hujatoa hata katoni moja.

Na kuna jambo wauzaji wa nje hawalijui na sisi wenyewe tunalisahau. Sheria ya bima ya Kenya, kifungu cha 20, inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima na kampuni ya hapa, lilianza kusimamiwa kwa ukali kuanzia Januari 2017 na miaka hii KRA wameongeza kukaza, cheti kinatakiwa kwenye mfumo wa forodha wenyewe. Kwa hivo ukinunua CIF unalipia bima mara mbili: ile ya kule iliyofichwa ndani ya bei, na hii ya hapa inayotakiwa na sheria. Mwambie muuzaji akupe bei ya CFR, ama FOB ambayo nauli ya meli unalipa mwenyewe, halafu kata Klozi A hapa hapa mjini na kampuni unayoweza kwenda kukaa ofisini kwao mpaka wakusikilize. Ukiwa na dai la Klozi C na kampuni iko Guangzhou utamwendea nani?

Pembeni kidogo. Mwaka 2021 ile meli Ever Given ilipokwama Suez kutoka tarehe 23 mpaka 29 Machi, wenye meli walitangaza ile hesabu ya hasara ya pamoja, yaani gharama za kuokoa meli zinagawanywa kwa wote wenye mali ndani, hata ambaye kontena lake halikuguswa. Mwenye bima kampuni yake inatoa dhamana anapewa mzigo. Asiye na bima anawekeshwa pesa taslimu kwanza. Hilo hata Klozi C inalilipa, kwa hivo bima ndogo ni bora kuliko hakuna.

Niaje kaka, mimi ni binti nauza mikoba na viatu onlaini, nataka kuleta kutoka Guangzhou. Kiwanda kimenipa bei mbili, EXW dola 3,200 na FOB 3,550. Halafu kuna jamaa anasema atanifanyia DDP Mombasa, kila kitu ndani, nakaa nyumbani naletewa. Nichukue ipi? – Kisauni

Poa sana mwanangu. EXW imekuvutia kwa sababu ni namba ndogo, si ndo hivo?

EXW maana yake kiwanda kimeweka mzigo mlangoni kwake, kwisha. Hata kupakia kwenye lori si kazi yao. Kusafirisha mpaka bandarini wewe, forodha ya China ya kutoa mzigo nje wewe, na wewe huna leseni ya kutoa mizigo China, utamtafuta mtu mwenye nayo akufanyie kwa jina la watu. Ukijumlisha lori, karatasi za forodha, malipo ya bandari ya kule na chai ya huyo jamaa, hizo 350 zishapita. Chukua FOB, ama kama ni kontena mwambie akupe FCA ambayo inafaa zaidi kwa kontena, sababu yake utaiona kwa mzee anayefuata hapo chini. Kwenye zote hizo mbili karatasi za kutoa mzigo China ni juu ya muuzaji.

DDP ndio kanuni moja tu inayomtwika muuzaji ushuru wa huku kwetu. Sasa jiulize, kiwanda cha Guangzhou kina PIN ya KRA? Hakina. Kwa hivo huyo jamaa anatia mikoba yako kwenye kontena moja na mizigo ya watu wengine, inaingia kwa jina lake yeye ama la mtu mwingine kabisa. Siku zikienda sawa unaletewa mpaka mlangoni na utanicheka. Siku kontena ikishikwa kwa sababu ya mzigo wa mwenzio, huna karatasi hata moja yenye jina lako, huwezi kwenda kusema hii ni yangu. Na VAT ya asilimia 16 iliyomo ndani ya bei huwezi kuidai irudi hata kama umesajiliwa, manake entri ya forodha si yako.

Kwa wanaoanza na vimizigo vidogo sisemi msiwatumie hao wa makontena ya pamoja, wengi wanafanya kazi nzuri tu. Ila usikiite DDP ukajua uko chini ya kanuni za ICC. Ni mpango wenu wawili. Andikianeni hata kwa WhatsApp: mzigo ukipotea analipa ngapi kwa kilo, ukichelewa je. Na ukishakua ukawa unajaza kontena yako mwenyewe, hakikisha IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoingia, imefanywa na ukaguzi wa viwango wa KEBS umefanyika huko huko China kabla ya meli kuondoka, hayo yakirukwa mzigo ukifika hapa faini itakula faida yote.

Bwana mwandishi, mimi ni mtu mzima wa Malindi, nakusanya simsim na kuuza nje. Mnunuzi wangu Uturuki alitaka FOB Mombasa kwa LC, ile barua ya benki ya kulipa ukileta karatasi zote. Nikaingiza kontena bandarini siku tulokubaliana, meli aloitaja ikaja ikaondoka bila kulichukua, ati imejaa. Kontena likakaa mpaka meli ya pili. Sasa mnunuzi ananiambia stoeji ni yangu kwa sababu FOB ni mpaka mzigo uwe ndani ya meli. Ni haki?

Shikamoo mzee wangu. Nusu ya alosema ni kweli, na hiyo nusu nyingine kakunyamazia.

FOB kweli, hasara na gharama ni zako mpaka simsim iwe ndani ya meli. Zamani tulikuwa tukihesabu ile reli ya pembeni ya meli, mzigo ukivuka hewani umetoka kwako, kanuni za 2010 zikaondoa mambo hayo zikasema mpaka uwekwe ndani. Lakini kwenye FOB anayetafuta meli ni mnunuzi. Meli alotaja yeye isipofika wakati wake, ama ikafika ikakataa kuchukua mzigo ambao uko tayari na unajulikana ni wake, basi kuanzia ile tarehe mlokubaliana gharama za ziada ni zake, na hasara pia. Hiyo imeandikwa kwenye upande wa wajibu wa mnunuzi, upande ambao wanunuzi hawapendi kuusoma. Kwa hivo mtafutie vitu vitatu: barua ama imeli aliyokutajia meli na tarehe, ile karatasi ya geti inayoonyesha kontena liliingia kabla ya muda wa kufunga kupokea, na ujumbe wa shirika la meli uliosema limeachwa. Ukiwa navyo mpelekee bili bila aibu. Ukiwa uliingiza kontena limechelewa hata kwa masaa, nyamaza ulipe.

Safari ijayo mzee wangu achana na FOB kwa kontena. FOB ilitungwa kwa mzigo unaopakiwa melini moja kwa moja, magunia kwa wavu, gari linaloendeshwa ndani. Kontena unalikabidhi yadi ya Kipevu halafu linakaa siku kadhaa mikononi mwa watu huwajui, linanyanyuliwa linashushwa, na muda wote huo hasara ni yako na huna uwezo hata wa kulisogelea. Kwenye FCA hasara inakutoka pale unapolikabidhi kwa msafirishaji alotajwa na mnunuzi. Kama mahali ni ghalani kwako Malindi, unapakia kwenye lori lake na umemaliza. Kama ni yadi, unalifikisha likiwa juu ya lori lako, kulishusha si kazi yako.

Najua utasema benki, LC inataka BL, ile hati ya mzigo ya shirika la meli, yenye mhuri wa kwamba mzigo umepakiwa melini na FCA inaishia kabla ya meli. Hilo lilikuwa tatizo kweli, ndo mana watu waling'ang'ania FOB. Kanuni za 2020 zikaweka mlango: mnaweza kukubaliana mnunuzi amwagize msafirishaji wake akupe wewe BL yenye hayo maneno baada ya kupakia, wewe unaipeleka benki. Lazima muiandike kwenye mkataba lakini, haiji yenyewe.

Cheti cha KEPHIS cha afya ya mimea na karatasi za forodha za kutoa mzigo ni zako kwa FOB na kwa FCA. Na ule uzito uliothibitishwa wa kontena, ambao tangu Julai 2016 meli hairuhusiwi kupakia kontena bila huo, unatolewa na aliyeandikwa kwenye BL kama mpakizi, kwa kawaida ni wewe, kwa hivo upimie mapema usingoje foleni.

Habari yako. Niliagiza mashine ya kuoka mikate kutoka Italia, CFR Mombasa, tukatia sahihi bei. Kabla ya kupakia muuzaji akaniandikia meli hazipiti tena Bahari Nyekundu, zinazunguka Afrika Kusini, niongeze nauli. Naongeza? – Mikindani

Huongezi, ndugu yangu, isipokuwa kama mkataba wenu una mstari unaosema nauli inaweza kupandishwa. CFR nauli ni yake. Tangu meli zianze kushambuliwa kule Novemba 2023 wanunuzi wengi wamepigiwa simu kama hiyo na wengine wamelipa kwa heshima tu. Mjibu kwa upole kwamba bei ni CFR na CFR ndio hiyo.

Mambo hubadilika meli ikishaondoka, kisha shirika la meli likaongeza malipo katikati ya safari. Hapo gharama za njiani ni za mnunuzi, ila kama mkataba wa muuzaji na meli ulikuwa umeziweka juu yake. Dai kuuona mkataba huo na ankara ya nauli. Na kwa bima yako, vita havimo hata kwenye Klozi A, bima ya vita inakatwa peke yake kwa nyongeza, kwa njia kama hizo usiiache.

Kwa ufupi tu: mzigo unakuwa mali yangu lini kwenye DAP? Na nikiandika DAP Mombasa yatosha? – Msomaji, Likoni

Incoterms hazisemi mali inakuwa ya nani lini, wala hazisemi ulipe lini na vipi, wala mtu akivunja mkataba afanyiwe nini. Hayo ni ya mkataba wenu wa kuuziana, yaandikeni huko.

Na DAP, yaani muuzaji anakufikishia mzigo mpaka mahali mlipopataja, ukiandika Mombasa tu haitoshi hata kidogo. Mombasa ipi? Geti la Kilindini, yadi ya Changamwe, ama ng'ambo kwako Likoni? Muuzaji atachagua pale penye gharama ndogo kwake, na lori la kuvuka na ferry litakuwa juu yako. Ukumbuke pia kwenye DAP kushusha ni kazi yako, ukitaka muuzaji ashushe chukua DPU, ndio pekee katika hizo 11 inayomlazimisha. Andika hivi: DAP, halafu jina la ghala, barabara na mtaa, halafu Incoterms 2020. Mwaka usiuache, manake kuna watu bado wanatumia za 2010 na wana haki yao wakiziandika, mkija kugombana kila mtu atafungua kitabu chake.